Filamu Yenye Picha ya Desderi

Iko asubuhi moja, mwanangu, inayonijia hata nikiwa namenya ndizi, mikono ina kazi yake na akili imetulia. Niko Bukoba, karibu na gati, nimesimama na kamera mbele ya ghala kuukuu la mawe, nafurahia jinsi jua changa linavyougusa ukuta. Halafu nyuma yangu sauti ya mwanamume inasema, "Weka chini hicho kitu!" Miaka mingi imepita. Nimezaa, nimezika, nimekuwa bibi wa watu. Lakini mtu akinisemesha ghafla kutoka nyuma, bado huangusha nilichoshika. Wajukuu zangu wanalijua hilo. Wakitaka kuingia jikoni hukohoa kwanza mlangoni, na wageni hudhani ni adabu tu za nyumba hii.

Nakusimulia kabla hujasafiri, kwa sababu nimekuona na simu yako. Unapiga picha sahani ya chakula kabla hujakionja, unapiga mvua, unapiga hata viatu vyako. Sikucheki. Mimi pia nilikuwa na kichaa hicho, ila chombo changu kilikuwa kizito na filamu zake zilikuwa adimu kama sukari ya siku zile.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Muleba, msichana bado, zama zile za ujamaa tulipoitana ndugu kuanzia mkuu wa wilaya hadi mpiga kengele wa shule. Kamera nilipewa na mjomba wangu aliyekuwa dereva wa hospitali ya misheni. Muuguzi mmoja wa Kizungu alipokuwa anarudi kwao alimwachia birika, koti la mvua na hiyo kamera. Mjomba akajaribu kumpiga picha mkewe, ikatoka picha ya gauni bila kichwa. Mkewe hakumsamehe upesi. Ndipo kamera ikaletwa kwangu, kwa maelezo kwamba walimu wana subira.

Nilianza na maua. Ua haliulizi picha itatoka lini, wala halikumbushi kwamba uliliahidi. Na kwetu ua la kwanza ni la kahawa. Sijui kama umewahi kulala kwenye kibanja, shamba letu la nyumbani, ukaamka siku kahawa ilipochanua. Mvua inanyesha, siku zinapita hakuna kitu, halafu unafungua mlango na kukuta kila tawi limejaa weupe, na harufu yake tamu imekwisha kuingia mpaka kwenye blanketi. Weupe huo haukai. Ukisema utapiga picha keshokutwa, utakuta umekwisha kugeuka rangi ya chai. Nikapiga pia ua la mgomba, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, na jirani zangu wakacheka hadi wakashika mbavu. Kwao kuupiga picha mgomba ilikuwa sawa na kulipiga picha jembe.

Baada ya maua nikahamia majengo. Nilipiga msonge wa bibi yangu, ile nyumba ya nyasi inayoshuka kutoka kileleni mpaka ardhini, na moshi ukipenya katikati ya nyasi kama nyumba inapumua. Misonge ilikuwa inapungua. Viongozi walituhimiza tujenge za bati, na vijana walianza kuona haya kusema wamezaliwa kwenye nyasi. Nikipata nafasi ya kwenda Bukoba mjini nilipiga kanisa kuu, na yale maduka ya zamani yenye nguzo barazani na mwaka wa kujengwa umechorwa juu ya mlango. Nilipenda kuta zilizochoka. Ukuta mpya hauna la kusema, lakini ukuta uliopigwa na mvua za miaka una madoa, una nyufa, na mara nyingine una jani limeota mahali ambapo hakuna aliyelipanda.

Watu niliwakwepa. Ukimwelekezea mtu kamera anakakamaa kana kwamba yuko mbele ya hakimu, na ukimpa picha anakwambia huyu si mimi.

Mtu wa kwanza niliyempiga picha bila wasiwasi alikuwa Desderi. Desderi alikuwa mchumba wangu, askari wa jeshi, kijana wa Kanazi. Wazee wa kwao walikuwa wamekwisha kufika kwetu na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na mambo yalikuwa yanakwenda kwa mpango wake. Mama yake, Ma Paskazia, alikuwa mjane mwenye kibanja kizuri cha kahawa na migomba. Desderi alipokuja likizo fupi kabla ya kupelekwa mpakani, mama huyo aliniita.

"Adelina," akaniambia, "baba yake huyu alikufa bila picha. Sasa nikitaka kuuona uso wake nauona kwa shida, unakuja na kukimbia. Huyu nataka nimuone ukutani. Mpige, bojo, nakuomba."

Lazima nikueleze kwa nini sauti yake ilikuwa nzito vile. Miaka ile kaskazini hakukuwa na amani. Nchi jirani ilikuwa imetwaliwa na wanajeshi, na redio ilituletea vitisho vyao. Ndege zao zilikuwa zimekwisha kupita juu ya Bukoba na kuangusha mabomu. Shuleni kwetu tulichimba mahandaki kando ya uwanja wa mpira, tukawafundisha watoto kulala kifudifudi filimbi ikilia. Wa darasa la kwanza walidhani ni mchezo, wakaomba turudie. Balozi wa nyumba kumi alipita kila mlango akiuliza nani mgeni, ametoka wapi, ataondoka lini. Tukaambiwa wote tufungue macho. Na watu waliofungua macho kwa hofu, mwanangu, huona jasusi hata kwenye nguo iliyoanikwa.

Basi Desderi akavaa sare yake, akasimama kwenye kibanja. Kahawa ilikuwa imechanua siku hiyo hiyo. Nilipiga goti ili tawi jeupe lipite juu ya kofia yake. Yeye akawa anacheka, ananiambia, "Fanya haraka, nyuki wananiona mimi ndiye ua." Nikabonyeza. Nilijua palepale kwamba imetoka vizuri. Mpiga picha hujua.

Lakini filamu ilikuwa haijaisha. Siku zile hakuna aliyeitoa filamu kabla ya kuimaliza, maana kuipata nyingine ilikuwa kazi. Nikamwahidi Ma Paskazia kwamba nikiimaliza tu nitaipeleka mjini kusafishwa, naye atapata picha yake. Desderi akaenda mpakani, mimi nikarudi Muleba. Njiani gari letu likachemsha maji karibu na daraja. Abiria wakashuka kujinyoosha. Chini ya daraja mafunjo yalikuwa yametoa vichwa vyake vile vya nyuzi nyuzi, yanayumba kwenye upepo, nami nikayapiga. Sikufikiria hata kidogo kwamba daraja nalo limeingia kwenye picha.

Shule ilipofungwa nikaenda Bukoba kwa dada yangu Georgina, aliyekuwa amepanga chumba Kashai na mumewe. Zilikuwa zimebaki nafasi chache kwenye filamu. Nikasema nizimalize asubuhi, mchana niipeleke studio. Ndivyo nilivyofika pale ghalani karibu na gati. Ukuta wake wa mawe ulikuwa na ufa, na ndani ya ufa limeota ua dogo la manjano ambalo mpaka leo silijui jina. Nikapiga moja. Nikasogea ili nipate na mlango wenye tao. Nikapiga ya pili. Ndipo nikasikia ile sauti.

Nilipogeuka niliwaona mgambo wawili. Mmoja mtu mzima mwenye rungu, mwingine kijana mwenye bunduki, pengine mdogo kuliko mimi.

"Nani kakutuma?" yule mtu mzima akauliza.

"Hakuna aliyenituma, ndugu. Napiga ukuta."

"Unapiga gati!" kijana akasema kwa sauti ya juu. "Nimekuona, unapiga gati!"

Sauti ile ikawaita watu. Wapakizi wakaacha magunia, wanawake wa samaki wakasimama, na kabla sijameza mate nilikuwa nimezungukwa. Mtu akasema, "Jasusi." Neno hilo lilitembea haraka kuliko moto kwenye rweya, zile mbuga zetu za nyasi kavu. "Jasusi mwanamke! Mpekueni!" Mkono mmoja ukanivua kitambaa kichwani. Jiwe likaanguka karibu na mguu wangu. Nikasema kwa Kihaya kwamba mimi ni wa hapa hapa, mtoto wa Muleba. Mwanamke mmoja akasema, "Hata wao huko wanajua lugha yetu, msimsikilize!" Na ilikuwa kweli kwamba ng'ambo ya mpaka wako wanaosema lugha inayokaribiana na yetu.

Nakwambia kitu kilichonitisha kuliko jiwe. Niliitazama bunduki ya yule kijana, nikaona mtutu wake unatikisika. Kijana alikuwa anatetemeka. Alikuwa ananiogopa. Mimi, mwalimu mwenye viatu vilivyoshonwashonwa, nilikuwa namtia hofu mtu mwenye bunduki, na kidole chake kilikuwa kwenye kifyatulio.

Yule mtu mzima akainua rungu. "Msimguse," akasema. "Ataulizwa ofisini. Rudini kazini." Akanishika mkono, tukaenda. Watu walitufuata mpaka njia panda.

Ofisini nilimkuta afisa mwenye shati safi, Kiswahili chake si cha huku kwetu. Hakunipigia kelele. Aliniambia nikae, akaiweka kamera mezani katikati yetu.

"Ndugu mwalimu," akasema, "ulikuwa unapiga nini pale?"

"Ukuta wa ghala. Umeota ua kwenye ufa."

Akaigeuza kamera pale mezani. "Nchi iko katika hali hii, na wewe umepanda gari kutoka Muleba kuja kupiga picha ua."

Nilipolisikia kwa mdomo wake hata mimi niliona ni uongo. Hivyo ndivyo hofu inavyofanya. Ukweli wako mwenyewe unaanza kukunukia vibaya.

"Filamu hii tutaisafisha," akaendelea. "Kama ni maua tutaona maua."

Nikawekwa kwenye chumba chenye benchi na dirisha la juu. Humo ndimo nilimokumbuka kilichokuwa kwenye filamu ile. Kwanza maua, moja baada ya jingine, moyo ukatulia kidogo. Msonge wa bibi. Kanisa. Halafu yale mafunjo, na ndipo nikaliona daraja nyuma yake, likakua kichwani mwangu mpaka likawa daraja tupu bila jani hata moja. Halafu Desderi na sare yake, anacheka. Askari aliyekwenda mpakani, ndani ya kamera ya mtu aliyekamatwa kwenye gati.

Nilikaa nikitunga uongo. Nitasema ni binamu. Hapana, wataulizia ukoo. Nitasema simjui, nilimkuta njiani akaniomba nimpige. Hilo nililiona zuri. Nililirudia kimoyomoyo mpaka likawa laini, kama somo ninaloandaa kwa ajili ya darasa. Simjui, ndugu. Nilimkuta njiani. Kila nilipolirudia nilimwona Desderi vile anavyocheka, ananitazama mimi moja kwa moja, kwa macho ambayo mtu hawezi kumpa mpita njia. Lakini nikasema afisa hatayaona macho. Ataona sare tu.

Kesho yake nikaitwa. Picha zilikuwa mezani, bado zina harufu ya dawa. Afisa akazipanga mbele yangu polepole. Kahawa. Kahawa. Ua la mgomba. Alipofika kwenye msonge akaiangalia sana, nadhani hakuwahi kuona nyumba kama ile. Akaweka zile mbili za ghala, ukuta na ua lake, bila gati, halafu ya mafunjo.

"Na hili daraja?"

"Gari lilichemsha, ndugu. Nilipenda mafunjo."

Akaitenga pembeni. Akaweka ya mwisho, na kidole chake juu ya kofia ya Desderi.

"Huyu nani?"

Mwanangu, uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni. Nilifungua mdomo niuseme. Lakini niliangalia ile picha, ambayo sikuwa nimeiona bado kwenye karatasi, na ilikuwa nzuri kuliko nilivyodhani. Maua yalikuwa juu yake kama mvua iliyosimama. Sikuweza kusema simjui mtu yule. Siyo kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto. Nikataja jina lake lote, na jina la baba yake marehemu, na kwao Kanazi. Nikasema, "Ni mchumba wangu. Mama yake aliomba picha kabla hajaenda mpakani."

Afisa akaandika, akaondoka nayo. Nikabaki nimekaa, na wazo moja likanijia: nimemtumbukiza shimoni. Kama ningenyamaza, angekuwa askari asiye na jina. Sasa ana jina, ana kijiji, na mama yake anajulikana.

Sijui alikwenda wapi wala alizungumza na nani. Jua lilikuwa limeinama aliporudi. Nje nilimkuta Georgina na mumewe pamoja na balozi wao wa Kashai aliyekuja kunidhamini. Afisa akanirudishia kamera tupu na picha za maua. Ya daraja akabaki nayo, na ya Desderi, na filamu yenyewe.

"Piga maua yako, mwalimu," akasema. "Lakini kabla hujasimama mahali, uliza kwanza pana nini pale."

Nikamwuliza, "Na yeye?" Akasema, "Nenda nyumbani."

Hapo ungedhani hofu imekwisha. Ilikuwa ndiyo kwanza imehamia kwangu. Nikarudi Muleba, nikaifungia kamera kwenye sanduku la bati, chini ya mashuka. Habari zilikuwa zimenitangulia. Mazungumzo ya walimu wenzangu yalikatika nikiingia ofisini, na mzazi mmoja akamhamisha mwanawe darasani kwangu bila kusema sababu. Barua za Desderi, zilizokuwa zikija kila mara, zikakoma. Kila gari likisimama karibu na shule niliacha kuandika ubaoni, chaki mkononi, nikisikiliza kama mlango wake utafunguliwa. Msimu ukapita, mwingine ukaja. Nilikonda hadi sketi zikanizunguka.

Kahawa ilipokaribia kuchanua tena, Ma Paskazia akaja. Alitoka Kanazi hadi Muleba kwa gari la mizigo, na kapu la ndizi kichwani. Nilipomwona mlangoni nilijua amekuja kuniuliza nimemfanya nini mwanawe. Nilimkaribisha, nikampikia, nikazunguka zunguka. Alikula taratibu, akanawa, akasema, "Kaa sasa. Umepata barua?"

"Sijapata, Ma."

"Hata mimi." Akafuta mikono kwenye kanga. "Na picha?"

Nikalia. Nikamweleza yote, gati, mgambo, chumba chenye dirisha la juu, na kwamba nilimtaja mwanawe kwa jina lote. "Nilitaka kusema simjui," nikamwambia. "Ma, nilikuwa na uongo mzuri kabisa. Sikuweza. Sasa kama wamemfunga ni kwa ajili ya mdomo wangu."

Nilidhani atanilaani. Kisha akasema, "Uliulizwa huyu nani, ukasema ni nani. Ningekuja hapa kukulaumu kama ungesema humjui. Mtoto wangu yuko mbali, watu wanaomjua ni wachache. Wewe nawe umkane?"

Halafu akauliza iko wapi kamera. Nikamwonyesha sanduku. Akalitazama, na hapo ndipo aliponikemea, kwa sauti ndogo ile ile.

"Mtu mmoja wa ofisini amekuuliza maswali, ndiyo kazi yake. Akakuachia. Amekwambia uache kutazama kahawa?"

"Hapana."

"Nani basi aliyekwambia?"

Hakuna aliyeniambia, mwanangu. Nilikuwa nimejihukumu na kujifunga mwenyewe.

"Kahawa yangu itafunguka wiki hii," akasema. "Utakuja. Na hatutajificha. Tutapita kwa balozi kwanza, tumwambie tunafanya nini."

Nikaenda. Filamu moja niliipata kwa mjomba, alikuwa ameitunza kabatini bila kazi. Tulipita kwa balozi, mzee mkali mwenye kofia ya sufi, tukamweleza. Alikuna kidevu, akauliza, "Maua tu?" Ma Paskazia akamjibu, "Maua, na mimi mwenyewe nikiwa katikati yake. Njoo usimamie, waitu, ndugu yetu, kama una wasiwasi." Akaja kweli, akasimama nyuma yangu muda wote. Mikono yangu ilitetemeka hadi sikuweza kushika kidirisha cha kutazamia sawasawa. Kila tawi lilipokatika migombani niligeuka. Lakini nilibonyeza. Nilibonyeza nikiwa naogopa, na hiyo ndiyo siku niliyojifunza kwamba mikono inaweza kufanya kazi huku inatetemeka.

Desderi alikuja baadaye, wakati wa kuvuna maharage, bila taarifa. Nilikuwa darasani. Watoto waliinuka wote wakatazama mlangoni, na mimi sikuthubutu kugeuka mpaka aliposema, "Shikamoo, mwalimu," kwa mzaha wake. Alikuwa amekonda, jino moja halipo, lakini mzima.

Tulipokaa peke yetu alinieleza. Siku ile ile niliyomtaja ofisini, kamanda wake alimwita kwenye simu ya upepo ya kambi. Wakamwuliza kama anamjua mwanamke fulani aliyekamatwa na kamera Bukoba.

"Adelina, nilikaribia kusema sikujui," akaniambia, macho yake chini. "Niliwaza, nikikukubali watasema tuna njama. Nikikukana labda watakuachia. Lilikuwa kwenye ulimi. Sijui kilichonizuia. Nikasema ni mchumba wangu, alinipiga picha nyumbani, mama aliiomba. Kamanda akasikiliza upande wa pili, akaniambia, 'Una bahati. Yeye naye amesema hivyo hivyo.'"

Nilimshika mkono. Fikiria, mwanangu. Mimi nasema simjui kule Bukoba, yeye anasema ananijua kule mpakani. Au mimi namkubali, yeye ananikana. Mmoja wetu tu angesema uongo ule wa huruma, sote tungeonekana majasusi. Alihamishiwa kambi ya mbali, akakatazwa kuandika barua kwa muda, na hayo ndiyo yaliyokuwa yote. Picha hakurudishiwa. Tuliiomba mara mbili, mara ya pili tukaambiwa haijulikani iliko. Ma Paskazia alipata nyingine, ya Desderi na yeye wamesimama pamoja mbele ya nyumba, niliyoipiga siku ya pili baada ya Desderi kurudi. Haikuwa nzuri kama ile. Aliitundika, akaizoea.

Tulioana, tukaishi miaka mingi, Desderi na mimi. Vita vikubwa vilikuja baadaye, akaenda, akarudi. Usidhani niliacha kuogopa. Niliogopa kila siku ya vita vile.

Sasa sikiliza neno langu, wewe mwenye simu mfukoni. Penda unachokipenda, kiwe ua au ukuta au uso wa mtu, na usiruhusu hofu ikuchagulie cha kutazama. Lakini kabla hujainua mkono, geuka kwanza uone uko wapi na nani yuko nyuma yako. Pale penye mwenyewe, omba ruhusa. Penye watu wenye wasiwasi, jitambulishe mapema, kwa maana mtu anayekuogopa ni hatari kuliko anayekuchukia. Mtu akikupa uso wake, mpelekee picha yake upesi, usingoje filamu iishe. Na siku utakapowekwa mbele ya meza, na picha ya mtu wako iko juu yake, ukaulizwa huyu nani, useme ni nani. Useme hata kama sauti inatoka ya mtoto. Usimkane aliyekutazama kwa upendo, hata kama umejishawishi kwamba unamkinga.

Mungu akulinde barabarani na penye makutano ya watu. Akupe jicho la kuona kizuri na akili ya kujua kilicho jirani yake. Wanaokupenda waulizwe habari zako waseme kweli, nawe ukiulizwa zao useme kweli, na mkutane tena mkiwa wazima. Nenda kwa amani, mwanangu, na ukirudi uniletee picha nizione.